Jinsi ya kupanga safari ya daraja la kwanza ndani ya Marekani kwa pointi za ndege

Kwenye safari za ndani ya Marekani, tiketi mbili zilizoandikwa daraja la kwanza zinaweza kukupa vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Kati ya uwanja wa JFK wa New York na Los Angeles unaweza kupata kiti kinacholala kikawa kitanda, na blanketi juu yake. Kati ya Charlotte na mji ulio saa moja kutoka hapo utapata kiti kipana kidogo na glasi ya kinywaji, na kabla hujaimaliza ndege imeshaanza kushuka. Idadi ya pointi utakazodaiwa haifuati tofauti hiyo kila mara. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na ndege yenyewe, unakuja kwenye pointi baadaye, na suala la kuhamisha pointi kutoka benki tunaliacha hadi mwisho, ukishakiona kiti kwenye skrini. Watu wengi hufanya kinyume: wanahamisha kwanza, kisha wanaanza kutafuta safari ya kuzitumia, na pointi zinabaki zimenasa kwenye akaunti wasiyoihitaji.

Pointi ni zawadi unazokusanya kwa kusafiri na shirika la ndege au kwa kutumia kadi ya benki, kisha unazitumia kulipia tiketi. Nitasema pointi kwa zote, ingawa mashirika ya American, Delta na United huziita maili. Nikitaja maili hapa, ni za umbali.

Hatua ya kwanza: jua kiti unachokitafuta

Daraja la kwanza la kawaida liko mbele ya ndege zenye ujia mmoja, kama Boeing 737 na Airbus A320 au A321. Viti vimepangwa viwili kila upande, badala ya vitatu vya nyuma. Kiti kina upana wa inchi 20 au 21 hivi, na nafasi ya miguu inazidi ya daraja la kawaida kwa inchi sita au saba. Kiti hiki hakilali, kinaegemea tu. Kwenye American, Delta na United unaruhusiwa mabegi mawili ya kupakia bila malipo, kila moja hadi pauni 70, yaani kilo 32. Unapanda ndege mapema. Chakula cha moto hutolewa kwa kawaida kwenye safari zinazofika maili 900 au zaidi. Chini ya hapo ni vitafunwa. Na jambo ambalo huwaudhi wengi uwanjani: tiketi hii ya kawaida haikupi ruhusa ya kuingia kwenye ukumbi wa mapumziko wa American, Delta wala United.

Aina ya pili ni kiti cha kulala. Njia yake kuu ni ile inayounganisha pwani mbili: JFK kwenda Los Angeles na San Francisco kwa American, Delta na JetBlue, na Newark, uwanja jirani na New York, kwenda miji hiyo hiyo kwa United. Huduma ya kiti hiki Delta huiita Delta One, JetBlue huiita Mint, na Mint ndiyo iliyotikisa bei kwenye njia hii ilipoanza mwaka 2014. Viti vya kulala hupatikana pia kwenye baadhi ya safari za Hawaii kutoka miji ya mbali, na pale ambapo shirika linatumia ndege kubwa ya kimataifa kati ya vituo vyake vikuu, kama Boeing 777, 787 au 767. Ndege hizo huwekwa kwenye njia za ndani kwa sababu lazima zihamishwe kutoka kituo kimoja hadi kingine, au kwa sababu abiria wa siku hiyo ni wengi. Wewe unafaidika kwa kulala kwenye kiti kilichotengenezwa kwa safari ya kuvuka bahari, mara nyingine kwa pointi zile zile za kiti cha kuegemea.

Kisha kuna ndege ndogo zinazolisha vituo vikuu. Embraer 175 ina viti 12 vya daraja la kwanza, kimoja upande wa kushoto na viwili upande wa kulia. Ukisafiri peke yako, chukua kiti chenye herufi A: una dirisha na ujia kwa wakati mmoja, na hakuna jirani. Lakini CRJ-200 na ERJ-145, zenye viti 50, hazina daraja la kwanza kabisa. Ukienda mji mdogo kwa kubadilisha ndege, tovuti inaweza kukuuzia tiketi ya daraja la kwanza ambayo kipande kimoja cha safari kiko nyuma, kwenye daraja la kawaida. Huandikwa kwa herufi ndogo kwamba safari ina madaraja mchanganyiko. Fungua maelezo ya kila kipande usome. Hakikisha kipande kirefu ndicho chenye kiti kizuri, la sivyo unalipia saa moja ya starehe na saa nne za kubanwa.

Southwest haina daraja la kwanza, kwa hiyo pointi zake ziweke pembeni kwa safari hii.

Maoni yangu ni haya. Chini ya saa mbili, usitumie pointi nyingi kwa ajili ya kiti. Zaidi ya saa nne, fikiria kwa uzito. Na kama ni safari ya usiku kutoka magharibi kwenda mashariki, inayoondoka Los Angeles saa nne usiku na kufika New York alfajiri, basi kiti cha kulala ndicho matumizi bora ya pointi ndani ya nchi ile. Safari hiyo ina saa tano tu angani, na saa za eneo zinakunyang'anya tatu nyingine. Aliyekaa wima anafika akiwa amepoteza siku nzima. Ukienda upande wa pili mchana, kutoka New York kwenda Los Angeles, kitanda ni anasa. Kiti cha kuegemea kinatosha na pointi zinabaki.

Hatua ya pili: hesabu ulichonacho, na mahali kilipo

Programu ya kwanza kubwa ya kuwazawadia wasafiri pointi, AAdvantage ya American, ilianza tarehe 1 Mei 1981, miaka michache baada ya sheria ya 1978 kuyaachia mashirika yajipangie bei na njia. Tangu hapo mambo yamegeuka. Zamani kulikuwa na jedwali: safari ya ndani kwa daraja la kwanza ni pointi kadhaa, basi. Delta iliondoa jedwali lake mwaka 2015, United ikafuata mwaka 2019, na American mwaka 2023. Leo bei ya pointi hupanda na kushuka kila siku, kama bei ya fedha. Ukisoma mahali kwamba safari fulani ni pointi kiasi fulani, chukua kama picha ya siku ile tu.

Pointi ziko za aina mbili. Za shirika la ndege zinakaa mahali pamoja na hutumika huko. Za benki zinaweza kuhamishiwa kwenye mashirika mbalimbali, na ndizo zenye nguvu. Hivi ndivyo kila benki au kampuni ya kadi inavyofungua milango kwa safari tunayoizungumzia:

- American Express: Delta na JetBlue, pamoja na programu za nje kama Aeroplan ya Air Canada, British Airways, Flying Blue ya Air France na KLM, Virgin Atlantic na LifeMiles ya Avianca.
- Chase: United na JetBlue, na tena Aeroplan, British Airways, Flying Blue na Virgin Atlantic.
- Citi: American, ambayo iliongezwa mwaka 2025, na JetBlue, Flying Blue na Turkish Airlines.
- Capital One: hakuna American, Delta wala United moja kwa moja, lakini kuna Aeroplan, British Airways, Flying Blue, LifeMiles na Turkish.
- Bilt: United na Alaska Airlines, pamoja na programu kadhaa za nje.

American Express hutoza ada ya kodi unapohamishia pointi kwenye shirika la Marekani: senti 0.06 kwa kila pointi, na haizidi dola 99. Kwa pointi 50,000 ni dola 30. Si kubwa, ila iingize kwenye hesabu.

Angalia pia tarehe za kuisha. Pointi za Delta, United na JetBlue haziishi. Za American hufutika baada ya miezi 24 bila shughuli yoyote kwenye akaunti, na shughuli ndogo tu inatosha kuzihuisha. Kama familia ina pointi zilizotawanyika, United na JetBlue huruhusu watu kuziweka kwenye chungu kimoja. Kwa wengi hilo ndilo linalofanya tiketi mbili ziwezekane.

Hatua ya tatu: ndege ya mmoja, pointi za mwingine

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo ambapo asiyejua hulipa maradufu.

Mashirika yamejifunga katika miungano mitatu. United yuko Star Alliance pamoja na Air Canada, Avianca na Turkish. American na Alaska wako Oneworld pamoja na British Airways na Qatar Airways. Delta yuko SkyTeam pamoja na Air France na KLM, na ana ushirikiano wake na Virgin Atlantic. Matokeo yake ni kwamba unaweza kukaa kwenye ndege ya United kutoka Denver kwenda Washington kwa tiketi iliyokatwa na Avianca, au kwenye ndege ya Alaska kutoka Seattle kwenda San Diego kwa pointi za British Airways, bila hata kukanyaga Ulaya.

Inafaa kwa nini? Kwa sababu baadhi ya programu hizo za nje bado zina jedwali. British Airways huhesabu umbali wa kila kipande cha safari, hivyo kwenye safari fupi au ya wastani isiyobadilisha ndege bei yake inaweza kuwa ndogo wakati American mwenyewe anadai nyingi. Ukibadilisha ndege, kila kipande kinahesabiwa peke yake na faida inayeyuka. Pointi hizo, zinazoitwa Avios, zinaweza pia kuhamishwa kati ya akaunti zako za British Airways, Iberia, Qatar Airways, Finnair na Aer Lingus, na bei ya kiti kile kile inaweza kutofautiana kati yao.

Kuna masharti. Shirika linalorusha ndege humpa mshirika viti vile tu vya kiwango cha chini kabisa. Kama United anauza kiti kwa bei yake iliyopanda, Avianca na Turkish hawakioni kabisa. Kwa hiyo tafuta kwanza kwenye tovuti ya mwenye ndege. Ukiona bei ya chini isiyo ya kawaida kwa siku hiyo, ndipo nenda kwa washirika ukaulize. Wakati mwingine tovuti ya mshirika inaonyesha kiti ambacho kimeshachukuliwa, na utagundua ukifika ukurasa wa malipo. Na siku ratiba ikibadilika, aliyekuuzia ndiye mwenye tiketi, wakati mwenye ndege ndiye mwenye kiti, nawe utapiga simu kwa wote wawili. Kwa mtu mwenye harusi au mkutano asioweza kuukosa, ningekata tiketi moja kwa moja kwa mwenye ndege hata kama ni pointi chache zaidi.

Hatua ya nne: chagua siku kwa akili

American na Delta hufungua uuzaji siku 331 kabla ya safari, United siku 337. Kwa viti vya kulala kati ya pwani mbili, siku za mwanzo hizo zinafaa kuangaliwa, hasa kama una tarehe isiyosogea. Kwa daraja la kwanza la kawaida, picha ni nyingine. Shirika linatarajia kuuza viti hivyo kwa fedha, na visipouzwa, vinapewa wateja wake wa kudumu wenye hadhi kama kupandishwa daraja bure. American huwapandisha wenye hadhi ya Executive Platinum kuanzia saa 100 kabla ya ndege kuondoka, kisha wanaofuata saa 72, 48 na 24. Baada ya hapo kilichobaki ni makombo. Angalia basi katika vipindi viwili: mapema, na tena wiki moja au mbili kabla ya safari, kabla ya wimbi hilo.

Wateja hao wenye hadhi husafiri kikazi. Jumatatu asubuhi, Alhamisi jioni na Ijumaa jioni mbele ya ndege pamejaa. Jumanne mchana, Jumatano, na hasa Jumamosi alasiri viti hulegea na pointi hushuka. Wiki ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Marekani, mwezi Novemba, siku za kuzunguka Krismasi, na mapumziko ya wanafunzi mwezi Machi, usihangaike sana. Weka pointi zako kwa tarehe nyingine ikiwa unaweza.

Viwanja vya jirani navyo vifungue. New York ina JFK, LaGuardia na Newark. Eneo la San Francisco lina Oakland na San Jose. Los Angeles ina Burbank, Ontario na Santa Ana. Lakini jua kwamba LaGuardia ina sheria inayozuia safari za zaidi ya maili 1,500 bila kutua, isipokuwa kwenda Denver na isipokuwa Jumamosi. Ukitafuta kitanda cha kukupeleka California siku ya Jumatano kutoka LaGuardia, hutakipata. Kitafute JFK au Newark.

Hatua ya tano: tafuta hatua kwa hatua

Anzia Google Flights, tovuti ya kutafuta safari za ndege. Weka njia yako, chagua daraja la kwanza au la biashara, chagua safari zisizobadilisha ndege. Unatafuta vitu viwili: bei ya fedha, na aina ya ndege, ambayo huonekana ukifungua maelezo ya safari. Andika namba za safari mbili tatu unazozipenda.

Ingia kwenye tovuti ya shirika ukiwa na akaunti yako, kwa sababu mashirika huwapa baadhi ya wanachama bei tofauti. Mwenye kadi ya American Express ya Delta inayostahili, kwa mfano, hupata punguzo la asilimia 15 kwenye tiketi za pointi za Delta. Washa chaguo la kulipa kwa pointi, kisha fungua kalenda ya mwezi mzima. Tafuta kwenda peke yake na kurudi peke yake. Hakuna faida ya kuzifunga pamoja kwa pointi, na ukizitenganisha unaweza kwenda na Delta na kurudi na Alaska.

Mkiwa wawili, tafuteni kwanza kwa abiria mmoja, halafu kwa wawili. Kikibaki kiti kimoja tu cha bei ya chini, mfumo utawauzia wote wawili kwa bei ya juu. Mkijua hilo, mnaweza kukata tiketi mbili tofauti, mmoja kwa bei nafuu, kisha mkaomba shirika liziunganishe tiketi hizo ili mkihamishwa mhamishwe pamoja.

Jaribu pia safari inayobadilisha ndege hata kama unataka ya moja kwa moja, na kinyume chake. Mashirika huamua viti kwa kutazama safari nzima, mwanzo hadi mwisho. Kipande cha Chicago kwenda San Francisco kinaweza kukosekana kikiwa peke yake lakini kikaonekana ndani ya safari inayoanzia mji mdogo wa jirani. Usikate hiyo ya pili kwa nia ya kuruka kipande cha kwanza, kwa maana ukikosa kipande cha kwanza mfumo hufuta vyote vinavyofuata.

Kuna tovuti zinazokusanya matokeo ya programu nyingi kwa pamoja, kama seats.aero na point.me. Zinaokoa muda. Ila matokeo yao yanaweza kuwa ya saa kadhaa zilizopita, kwa hiyo thibitisha kila mara kwa shirika lenyewe.

Mwisho wa hatua hii, fungua ramani ya viti. Ukiona viti viwili kwa viwili vimepangwa kwa safu chache, hicho mara nyingi ni cha kuegemea. Ukiona viti vimepinda, au kimoja kimoja kando ya madirisha ya pande zote mbili, hapo kuna kitanda.

Hatua ya sita: pima thamani kwa kipimo chako

Chukua mfano wa kubuni. Tiketi ya daraja la kwanza ni dola 420, au pointi 24,000 na dola 5.60. Hiyo 5.60 ni ada ya serikali ya usalama kwa kila safari ya upande mmoja, na huwezi kuikwepa kwa pointi. Toa 5.60 kwenye 420, zinabaki 414.40. Gawanya kwa 24,000: kila pointi imekununulia senti 1.7 hivi. Daraja la kawaida kwenye ndege hiyo hiyo ni dola 160, au pointi 11,000 na 5.60. Hapo kila pointi ni senti 1.4. Wengi huishia hapa na kusema daraja la kwanza limeshinda.

Mimi huangalia tofauti. Pointi 13,000 za ziada zinanunua kitu kinachouzwa dola 260 zaidi. Jiulize kwa moyo wote: ningetoa dola 260 mfukoni kwa kiti hiki, kwa saa hizi? Kama ungetoa 260, basi kila pointi ya ziada imefanya kazi ya senti 2, na hiyo ni nzuri sana. Kama ungetoa 100 tu, pointi hizo 13,000 zimekufanyia kazi ya dola 100, yaani senti 0.77 kila moja, chini ya ulichopata kwenye tiketi ya kawaida. Kumbuka kwamba pointi za Chase zinaweza kugeuzwa fedha kwa senti 1 kila moja, kwa hiyo kushuka chini ya hapo ni kutupa fedha zilizokuwa mkononi. Usisahau mabegi: kama ungelipia mawili kwenye tiketi ya kawaida, ongeza gharama hiyo upande wa faida ya daraja la kwanza. Kwa mtu anayesafiri na mizigo mizito, peke yake inaweza kugeuza jibu.

Njia nyingine ambayo mara nyingi hushinda zote ni kukata tiketi ya daraja la kawaida kwa bei nzuri, kisha kufungua programu ya simu ya shirika kila baada ya siku chache. Mashirika hutoa ofa za kupanda daraja kwa fedha au pointi kadiri siku zinavyokaribia, na huwa ndogo kuliko tofauti ya bei ya awali. Ni kamari. Kwa safari ya usiku usiyotaka kuikosea, usiicheze.

Hatua ya saba: hamisha, kata

Fungua akaunti ya programu utakayohamishia siku kadhaa kabla, kwa jina lile lile lililoko kwenye akaunti ya benki na kwenye kitambulisho chako. Majina yasipolingana uhamisho unaweza kukwama. Siku yenyewe, kitazame kiti tena, ufike hadi ukurasa wa malipo uone idadi kamili ya pointi. Kama ni tiketi ya mshirika na una shaka, piga simu umwombe mhudumu akitafute kiti hicho upande wake. Kisha hamisha kiasi unachohitaji tu. Nyingi hufika kwa dakika chache, nyingine huchukua siku. Pointi zikishatoka benki hazirudi, hata ukiomba kwa machozi. Zikifika, kata tiketi papo hapo.

Kwa kitambulisho: tangu tarehe 7 Mei 2025 wakaguzi wa uwanjani wanadai leseni ya aina ya REAL ID, yaani inayotimiza viwango vya serikali kuu, kwa safari za ndani, au hati nyingine inayokubalika. Pasipoti halali ya nchi yako inakubalika. Andika jina kwenye tiketi kama lilivyo kwenye hati utakayobeba.

Hatua ya nane: linda ulichokipata

Ukishakata, chukua namba ya uthibitisho ya shirika linalorusha ndege, ambayo kwa tiketi ya mshirika huwa tofauti na ile ya aliyekuuzia. Ingia nayo kwenye tovuti ya mwenye ndege, chagua kiti, na agiza chakula. American, Delta na United huruhusu kuagiza chakula cha daraja la kwanza siku kadhaa kabla ya safari, na asiyeagiza hupewa kilichobaki.

American, Delta na United hurejesha pointi za tiketi ya daraja la kwanza bila ada ukighairi kabla ndege haijaondoka. Itumie haki hiyo. Rudi kutazama bei kila wiki. Ikishuka, kata tiketi mpya kwanza, kisha ghairi ya zamani. Programu za nje nyingi hutoza ada ya kughairi, kwa hiyo soma masharti yake kabla.

Tazama pia aina ya ndege mara kwa mara. Shirika likibadilisha 777 kwa 737, kitanda chako kimekuwa kiti cha kuegemea, na huenda usipate barua pepe yenye maelezo hayo. Ukiona hivyo mapema, piga simu uombe kuhamishiwa safari nyingine ya siku hiyo yenye kiti cha kulala. Wahudumu huwa wepesi kusaidia wakati mabadiliko yametoka upande wao.

Na kanuni za wizara ya uchukuzi ya Marekani zilizotolewa mwaka 2024 zinakulinda. Safari ya ndani ikiahirishwa kwa saa tatu au zaidi, ikifutwa, au ukishushwa daraja, na wewe ukakataa kusafiri hivyo, unastahili kurudishiwa kwa njia ile ile uliyolipia: pointi zako zirudi pointi, na ada yako irudi fedha. Ukikubali kusafiri nyuma kwa sababu lazima ufike, dai tofauti. Tunza pasi ya kupanda ndege ya kwanza na ile mpya uliyopewa mlangoni, piga picha zote mbili, na uandike dai kwenye tovuti ya aliyekuuzia tiketi ukitaja namba ya safari, tarehe, kiti cha kwanza na kiti ulichokalia. Ukijibiwa kwa vocha, andika tena kwamba ulilipa kwa pointi na unataka pointi. Wasipokujibu, wizara hiyo hupokea malalamiko ya abiria kwenye tovuti yake na huyapeleka kwa shirika husika.